Ndege hushuka Eldoret zimejaa, huondoka tupu

Habari ya kuupanua Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Eldoret imerudi midomoni mwa watu, na safari hii imekuja na nguvu. Mji wenyewe ulikabidhiwa hati ya kuwa jiji Agosti 15, 2024, rais aliyeitoa ni mzaliwa wa Uasin Gishu, na ahadi inayorudiwa ni ileile: njia ya kurukia itarefushwa, ndege kubwa za mizigo zitapaa kutoka Kapseret, eneo ulipo uwanja, moja kwa moja hadi Ulaya, na mkulima wa Bonde la Ufa kaskazini ataacha kuitegemea Nairobi. Wasioamini nao wana jibu lao la miaka mingi, kwamba uwanja ulizaliwa kwa siasa, umelala kwa siasa, na sasa unataka kulishwa upya kwa siasa. Nimewasikiliza wote, na naona wamekosea mahali pamoja. Wote wanahesabu lami. Mmoja anasema ni fupi, mwingine anasema hata hiyo iliyopo ni nyingi mno, na hakuna anayeuliza ndege ikishamaliza kushusha mzigo Eldoret huondoka na nini tumboni. Jibu ni kwamba kwa kawaida huondoka na hewa. Hoja yangu ni kwamba hewa hiyo haitokani na ufupi wa njia ya kurukia. Inatokana na jambo la kikarani zaidi, nalo ni kwamba mzigo unaoingia na mzigo unaotoka haujawahi kukutanishwa, na kazi ya kuukutanisha inahitaji wakaguzi, majokofu na ratiba kabla ya kuhitaji tingatinga.

Tuanze na historia, maana bila hiyo ugomvi wa sasa hauelewiki. Uwanja ulifunguliwa 1997, enzi za Rais Moi, ukiwa umejengwa na kampuni ya Kanada yapata kilomita 16 kutoka katikati ya mji, kwenye barabara iendayo Kapsabet na Kisumu. Wafadhili wa nje walinung'unika. Nchini, watu waliutazama pamoja na kiwanda cha risasi kilichojengwa Eldoret miaka hiyohiyo na kukata shauri kwamba mkubwa anapeleka vitu nyumbani. Wengi walitabiri kwamba nyasi zingeota kwenye lami. Hazikuota. Kilichotokea hakikuwa katika mpango wa mtu yeyote: ndege za mizigo zilianza kuja kutoka Mashariki ya Kati na Asia zikiwa zimejaa nguo, viatu, simu, vipuri na vyombo vya umeme. Wenye mali hiyo hawakuwa watu wa Eldoret. Wengi walikuwa wafanyabiashara wa Nairobi, wa Eastleigh na Kamukunji, ambao mawakala huwakusanyia mizigo yao midogomidogo Dubai au Guangzhou, wakaipakia pamoja, kisha wakagawana nauli. Waliipenda Eldoret kwa sababu haikuwa na msongamano na mzigo ulitoka haraka. Kulikuwa pia na minong'ono isiyokwisha kwamba ulitoka haraka kupita kiasi, na kwamba jicho la forodha lilikuwa likisinzia. Sifa hiyo imeufuata uwanja mpaka leo, na kila msako wa bidhaa za magendo unapoanza nchini, Eldoret hutajwa miongoni mwa wa kwanza.

Mzigo ukishashuka hupandishwa malori na kusafirishwa zaidi ya kilomita 300 hadi Nairobi. Ndege nayo, ikiwa tupu, huruka safari hiyohiyo kwa muda usiozidi saa moja hadi uwanja wa Jomo Kenyatta, ikapakie maua. Na maua yenyewe, yale ya mashamba ya waridi ya Uasin Gishu na Trans Nzoia, huwa yameondoka kwa lori la jokofu kuifuata ndege hiyo Nairobi.

Jioni moja nilikuwa nimekaa Salgaa, kile kituo cha malori kati ya Nakuru na Mau Summit, nikingoja gari letu libadilishwe gurudumu. Kando yetu palikuwa na malori mawili yameegeshwa sambamba. La kwanza lilikuwa la jokofu, mashine yake ikinguruma juu ya kichwa cha dereva, na maji yakidondoka chini ya mlango wa nyuma. La pili lilikuwa la turubai, limefungwa kamba za manila, na kona moja ya turubai ilikuwa imechanika ikaonyesha katoni zenye maandishi ya Kichina. Dereva wa jokofu alikuwa anakunywa chai akiwa amesimama. Nikamuuliza anatoka wapi. "Huko Eldoret, ndugu yangu, napeleka maua ndege." Na huyu mwenzako? Akamtazama yule wa turubai, akacheka. "Huyo pia anatoka Eldoret. Yeye anatoa ndege." Nilimwomba arudie, akarudia, na hakuona ajabu yoyote. Mmoja alikuwa ametoka ndegeni Eldoret akienda Nairobi, mwingine alikuwa ametoka shambani karibu na uwanja wa Eldoret akienda Nairobi kutafuta ndege, na huenda ndege waliyokuwa wakiizungumzia ilikuwa ileile moja, iliyopita juu ya vichwa vyetu mchana huo ikiwa tupu.

Sasa tuje kwenye lami, kwa sababu hoja ya wanaotaka njia irefushwe si ya kipuuzi, na anayeipuuza hajui ndege. Eldoret iko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Bawa hubebwa na hewa, kwa hiyo penye hewa nyepesi ndege hulazimika kukimbia kasi zaidi kabla ya kuinuka, na injini, ambayo nayo hula hewa hiyohiyo, husukuma kwa nguvu pungufu. Mbio zinarefuka wakati pumzi inapungua. Njia ya Eldoret ina urefu wa takriban kilomita 3.5. Ile ya Jomo Kenyatta ina mita 4,117, tena iko chini zaidi, kwenye mita 1,600 na ushee. Ndege kubwa ya mizigo kama Boeing 777F inaweza kubeba takriban tani 100, lakini ikitaka kutoka Eldoret mpaka Amsterdam bila kutua, safari ya zaidi ya kilomita 6,000, ni lazima iweke mafuta mengi, na uzito wa mafuta na mzigo kwa pamoja hauwezi kuinuka salama ndani ya njia iliyopo. Kitu kimoja hupunguzwa. Mafuta hayapunguziki kwa kuwa Ulaya haisogei, basi hupunguzwa mzigo, na mzigo ndio unaolipa. Kwa hesabu hiyo, wanaosema njia fupi inaifukuza ndege ya Ulaya wana haki ya kusikilizwa.

Lakini tazama wenzetu. Bole, Addis Ababa, iko juu kuliko Eldoret, kwenye mita 2,300 na zaidi, na njia yake ndefu ina mita 3,800. Imezidi yetu kwa mita mia tatu hivi, ilhali hewa yake ni nyepesi zaidi. Hapo ndipo sehemu kubwa ya maua ya Ethiopia hupandia ndege kwenda Ulaya, na hapo ndipo ilipokulia mojawapo ya kampuni kubwa za ndege za mizigo barani. Rionegro, uwanja unaohudumia Medellín kule Kolombia, unakaribia kuwa pacha wa Eldoret: mwinuko wa mita 2,100 na ushee, njia ya takriban kilomita 3.5. Nao huuza maua nje kwa ndege mwaka nenda mwaka rudi. Atakayenijibu kwamba maua ya Rionegro huenda Miami, mwendo wa saa tatu na ushee, hivyo ndege haihitaji mafuta mengi, atakuwa amesema kweli. Atakayeongeza kwamba Waethiopia wenyewe wameamua kujenga uwanja mpya Bishoftu, mahali palipo chini zaidi, kwa sababu mojawapo ikiwa ni huo mwinuko wa Bole, naye atakuwa amesema kweli. Mwinuko una gharama na hakuna anayeikana. Mifano hii inathibitisha jambo dogo zaidi, lakini muhimu: gharama ya mwinuko hulipika pale mzigo unapokuwepo kwa uhakika. Bole haikungoja ishuke mlimani ndipo ianze kuuza maua. Ilianza, ikajaza ndege, halafu sasa ndiyo inatafuta uwanja mpya.

Na Eldoret ina njia ya kuikwepa gharama hiyo ambayo Bole haina. Ndege zinazotua Eldoret zinakwenda Nairobi hata hivyo. Safari hiyo fupi haihitaji mafuta ya kwenda Ulaya, kwa hiyo ndege huwa nyepesi na njia ya kilomita 3.5 inaitosha na kusaza. Hakuna sheria ya fizikia inayoizuia kupakia tani 10 au 15 za waridi Kapseret, kuruka nazo mpaka Jomo Kenyatta, kujaza nafasi iliyobaki kwa maua ya Naivasha na mboga za Mlima Kenya, kuweka mafuta, na kuondoka usiku huohuo. Maua yangekuwa tayari ndani ya ndege itakayoyafikisha sokoni. Yule dereva wa Salgaa angekuwa amebeba kitu kingine, au amelala kwake. Hili lingeweza kufanyika kwa lami iliyopo leo, na mtu anayedai njia irefushwe ili maua ya Eldoret yapate ndege anapaswa kwanza aeleze kwa nini maua hayo hayapandi ndege ambayo tayari imesimama pale, milango wazi.

Sababu zipo, na zote ni za ardhini. Ya kwanza ni baridi. Waridi huhifadhiwa kwenye nyuzi mbili hadi nne za Selsiasi kuanzia saa chache baada ya kukatwa. Likipata joto kisha likapozwa tena, ua hutoa jasho ndani ya katoni, ukungu wa kijivu huanza kwenye petali, na mnunuzi wa Uholanzi huuona siku ya tatu wakati mkulima ameshalipia nauli. Kwa hiyo mwenye shamba haulizi kama uwanja una chumba cha baridi. Anauliza nani ana ufunguo saa nane za usiku, jenereta inawaka ndani ya dakika ngapi umeme ukikatika, na je, kati ya mlango wa chumba na mlango wa ndege kuna mwendo wa mita ngapi juani. Jengo linaweza kuzinduliwa kwa utepe na bado majibu ya maswali hayo yakawa mabaya. Na safari ya kupitia Nairobi inaongeza swali la nne, kwa sababu ndege ikisimama uwanjani pale saa tatu milango ikiwa wazi, waridi la Eldoret lililotangulia kupakiwa ndilo litakaloteseka. Dawa yake inajulikana, ni kupakia usiku na kufunika pallet kwa blanketi maalumu, lakini lazima mtu awe ameipanga.

Ya pili ni ukaguzi. Hakuna ua linalotoka Kenya bila cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mimea, na mambo yamekaza zaidi tangu Aprili 2025, Umoja wa Ulaya ulipoanza kudai masharti mapya kwa waridi kwa sababu ya nondo anayeitwa kitaalamu Thaumatotibia leucotreta, ambaye kiwavi wake hujificha ndani ya tumba. Shehena moja ikipatikana na kiwavi, huharibiwa au hurudishwa, na tukio hilo huandikwa kwa jina la nchi nzima. Katika hali hiyo mkulima hupeleka maua pale anapojua kuna wakaguzi wa kutosha na mzigo hautalala ukingoja sahihi. Nairobi wapo, tena zamu zote. Kupeleka zamu mbili za wakaguzi wa mimea na maofisa wa forodha Eldoret, wakafanya kazi kwa saa za ndege badala ya saa za ofisi, ni uamuzi wa bajeti ya mishahara. Kwa thamani, ni chembe tu mbele ya kilomita moja ya lami nzito yenye taa na mifereji. Ila mshahara wa mkaguzi hauna jiwe la msingi la kuweka, na nadhani hapo pana sehemu ya maelezo kwa nini haujafanywa.

Ya tatu ni ratiba, na hii ndiyo huniumiza kichwa zaidi. Ndege nyingi za mizigo zinazotua Eldoret hukodiwa mzigo unapojaa kule ulikotoka. Leo tatu, wiki ijayo hakuna. Waridi halikatwi kwa namna hiyo. Shamba hukata kila siku, Jumapili ikiwemo, na kabla ya Februari 14 hukata mchana na usiku. Mkulima hawezi kuweka mkataba na duka la Ujerumani kwa kutegemea ndege ambayo siku ya kuja kwake inategemea wauza viatu wa Kamukunji. Ndege nayo haitaweka siku maalumu mpaka ione maua yanangoja. Kila mmoja anamsubiri mwenzake, na katika hali ya namna hii ndipo mamlaka ya umma hupata kazi halisi ya kufanya. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege inaweza kupunguza ada ya kutua kwa ndege inayoondoka na mzigo. Inaweza kutangaza mapema ndege zitakazokuja. Kaunti inaweza kudhamini tani chache kwa miezi ya mwanzo, yaani kulipia nafasi hata isipojaa, mpaka mazoea yajengeke. Hatua hizi ni ndogo na hazipendezi kwenye picha, lakini ndizo zinazogeuza uwanja wa kushushia kuwa uwanja wa biashara.

Hoja nzito kuliko zote ya wanaotaka upanuzi haihusu maua kabisa, na nashangaa hawaitumii mara kwa mara. Inahusu Nairobi. Jomo Kenyatta, uwanja mkubwa wa Afrika Mashariki, una njia moja tu ya kurukia. Moto wa Agosti 7, 2013 ulipounguza jengo la abiria wa kimataifa, ndege zilielekezwa Mombasa, Eldoret na kwingineko. Aprili 2023 ndege moja ya mizigo ilipasuka tairi, ikakwama kwenye njia hiyo, na kwa saa kadhaa lango kuu la nchi likafungwa kwa sababu ya mpira. Septemba 11, 2024 wafanyakazi waligoma kupinga mpango wa kuikabidhi kampuni ya Adani uwanja huo, mpango ambao rais aliufuta Novemba mwaka huohuo, na abiria walikwama nje ya majengo. Nchi inayopitisha karibu maua yake yote yanayopaa katika tundu moja ina kila sababu ya kutengeneza tundu la pili. Hapo Eldoret ina madai ya haki, kwani Mombasa, yenye njia ya mita 3,350 karibu na usawa wa bahari, iko mbali na mashamba, na Kisumu ina njia ya mita 3,300 lakini iko upande wa pili wa milima. Hata hivyo uwanja wa dharura unaofaa ni ule unaofanya kazi siku za kawaida. Ukirefusha njia bila wakaguzi, bila baridi, bila watu waliozoea kupakia, siku ya dharura ndege itatua vizuri sana, na maua yataoza vizuri vilevile. Ndiyo maana nasema hata kwa hoja hii nzito, kazi ya ardhini inatangulia.

Hoja dhaifu ni ile inayopendwa zaidi mikutanoni, kwamba njia ikirefuka mkulima wa mahindi, ngano na maziwa wa Uasin Gishu na Trans Nzoia atauza dunia nzima. Hili ni la kusemwa wazi bila kumung'unya maneno: mahindi hayapandi ndege. Nauli ya ndege huhesabiwa kwa dola kwa kila kilo, ya meli kwa senti, na gunia la kilo 90 lingekula thamani yake yote kabla halijavuka Sudan. Kinachopanda ndege ni kitu chepesi, cha bei na kinachoharibika upesi: ua, mchicha mchanga, maharage mabichi, samaki wa minofu, chanjo, vifaranga wa siku moja. Hata parachichi, ambalo sasa limepandwa mashamba mengi ya Bonde la Ufa baada ya watu kuchoka na mahindi, husafiri zaidi kwa kontena la jokofu kupitia bandari ya Mombasa, na lilibaki humo hata baada ya meli kuanza kulizunguka bara lote kwa kuhofia mashambulizi ya Bahari ya Shamu tangu mwishoni mwa 2023. Kumwahidi mkulima wa mahindi ndege ni kumfanyia mzaha. Na ubaya wa mzaha huo ni kwamba ardhi ya kurefushia njia itatoka kwake, kwa sababu lami mpya itapita juu ya shamba la mtu Kapseret, na mtu huyo anastahili kuambiwa kwa usahihi ni biashara ya nani anayoipisha.

Wapinzani nao wasidhani nimewaachia. Wanaposema uwanja ulijengwa kwa siasa, ni kweli, lakini karibu kila uwanja wa ndege duniani ulijengwa kwa siasa, na swali la maana ni kama unafanya kazi. Wanapoitaja Kisumu, wana hoja bora. Njia ya Kisumu ilirefushwa zaidi ya miaka kumi iliyopita, jengo jipya la abiria likafunguliwa, uwanja ukaitwa wa kimataifa, na ahadi ikawa samaki wa Ziwa Victoria kupaa kutoka palepale. Bado safari zake nyingi ni za Nairobi. Ukiniuliza ni ushahidi gani mmoja wa kupeleka mbele ya kamati ya Bunge kuhusu Eldoret, nitaitaja Kisumu. Pale lami ilitangulia, na mzigo haukuifuata.

Kwa upande wa abiria sina mengi, maana sioni ugomvi. Njia iliyopo inazitosha ndege zenye ujia mmoja kati ya viti zinazobeba watu ndani ya kanda hii, kwa hiyo Entebbe, Juba au Kigali haziko mbali na Eldoret kwa sababu ya lami. Ziko mbali kwa sababu ya idadi ya wasafiri. Wanariadha wa Iten na Kaptagat, ambao husafiri nje kuliko wakazi wa miji mingi mikubwa, bado hushuka Nairobi, hulala, kisha hupanda nyingine. Jengo la abiria ni dogo na siku za Ijumaa jioni huonyesha udogo wake. Lipanuliwe, tena mapema, halina shaka. Ila wasafirishaji wanajua kwamba tumbo la ndege kubwa ya abiria hubeba mboga na maua pia, na siku ndege kama hiyo itakapopata sababu ya kuja Eldoret, itakuwa imevutwa na vyote viwili, viti juu na mzigo chini. Anayepanga jengo la abiria na ghala la mizigo kama miradi miwili ya wizara mbili ataukosa ukweli huo.

Kuna jambo linalokimbizana na haya yote, nalo ni barabara. Upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit ukikamilika, lori la jokofu kutoka Eldoret litafika Nairobi mapema na kwa uhakika zaidi, ingawa kwa tozo. Hapo mwenye shamba atakuwa na sababu ndogo zaidi ya kujisumbua na uwanja wa karibu. Muda wa kujaribu safari ya Eldoret kupitia Nairobi ni sasa, kabla mazoea ya barabara mpya hayajakomaa. Ningependa kuona jaribio la miaka miwili: zamu za KEPHIS na forodha kwa saa za ndege, chumba cha baridi chenye mkataba unaomwadhibu mwendeshaji joto likipanda, punguzo la ada kwa anayeondoka na shehena, na siku mbili za ndege kwa wiki zinazojulikana. Iwapo baada ya hapo ndege zitakuwa zinaondoka Kapseret na tani zilizokaribia kikomo cha uzito ambacho njia inaruhusu, basi ijengwe kilomita nyingine, na mimi nitakuwa wa kwanza kuiunga mkono. Kama zitakuwa bado zinaondoka tupu, tutakuwa tumeokoa mabilioni ya shilingi na mashamba ya watu.

Na hatuhitaji kungoja miaka miwili kuanza kuhesabu. Kabla ya kila kuruka, rubani hutia sahihi karatasi ya uzito inayoonyesha mafuta, wafanyakazi na kilo za mzigo zilizomo. Nakala hubaki uwanjani. Kwa hiyo takwimu za kumaliza ubishi huu zipo tayari, kwenye faili, safari baada ya safari. Kabla ya mkandarasi yeyote kuitwa, Mamlaka ichapishe za mwaka mmoja tu: ndege hii ilishusha tani ngapi Eldoret, na ilipoondoka kwenda Nairobi, kwenye mstari wa mzigo rubani aliandika nini.